Majarida ya zamani ya hadithi za kisayansi: ununue toleo la Marekani au la Uingereza?

Anayeanza kukusanya majarida ya hadithi za kisayansi ya miaka ya 1940 na 1950 hachelewi kukutana na kitendawili hiki: jarida lenye jina lilelile, na mara nyingi picha ileile ya jalada, linauzwa kwa bei mbili zilizoachana mbali. Moja lilichapishwa Marekani. La pili lilichapishwa Uingereza kwa kibali cha wenye jarida, na muuzaji huenda akalitaja hilo kwa maneno mawili tu mwishoni mwa tangazo, au asilitaje kabisa. Yaweke mezani bega kwa bega. Unene haulingani, umbo halilingani, mwezi ulioandikwa haulingani, na ukifungua ukurasa wa yaliyomo unaweza kukuta hadithi kadhaa hazipo.

Mimi nayachukulia kama majarida mawili yaliyoazimana jina, na ndivyo ninavyoshauri mtu ayanunue. La Marekani linamfaa anayetaka kila hadithi na uchapishaji wake wa kwanza kabisa. La Uingereza linamfaa anayetaka mfululizo anaoweza kuukamilisha bila kufilisika. Ila kuna vipindi ambavyo kanuni hiyo inapinduka, na ndivyo vya kuvijua kabla hujatoa fedha mfukoni.

Kwa nini yakawepo mawili

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Mwingereza alipata majarida ya Marekani kwa bei ya kutupa. Nakala zilizobaki bila kununuliwa kwao zilivushwa Atlantiki melini na kuishia kwenye meza za maduka ya Woolworths, peni 3 kila moja. Arthur C. Clarke, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa hadithi hizi na aliyekulia upande wa Minehead huko Somerset, alikuwa mmoja wa vijana waliokuwa wakichakura marundo hayo kutafuta matoleo waliyoyakosa. Vita vilipoanza Septemba 1939, nafasi melini ikawa ya chakula na silaha, nyambizi za Wajerumani zikaanza kuwinda shehena, na mlango huo ukafungwa. Kampuni ya Atlas ya London ilikuwa imeshaanza kuchapisha toleo la Uingereza la Astounding, jarida la Marekani la hadithi za kisayansi, mwezi mmoja tu kabla. Sijui niite bahati au hesabu nzuri.

Amani iliporudi, tatizo likahama kutoka baharini kwenda benki. Uingereza ilikuwa na ukata wa dola, na serikali haikutaka dola zake chache ziishie kwenye hadithi za roketi. Septemba 1949 thamani ya pauni ilishushwa kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Piga hesabu: jarida la senti 25 lililokuwa sawa na shilingi 1 na peni 3 hivi likapanda ghafla hadi karibu shilingi 1 na peni 9, hapo hujaweka nauli ya meli wala faida ya muuzaji. Na hata aliyekuwa tayari kulipa hakuweza kutuma fedha Marekani apendavyo. Ndiyo maana ofisa mmoja wa jeshi, Ken Slater, alianzisha mpango wa kubadilishana ulioitwa Operation Fantast: washabiki wa Marekani walituma majarida, wa Uingereza wakalipa kwa vitabu na majarida ya kwao. Biashara ya mali kwa mali, katikati ya karne ya 20, kwa ajili ya hadithi za sayari nyingine.

Katika mazingira hayo toleo lililochapishwa nyumbani lilikuwa na maana kubwa. Vizuizi vya kuingiza bidhaa vilipolegezwa mwishoni mwa miaka ya 1950, maana hiyo ikaanza kuyeyuka, na kufikia mwisho wa 1965 mifululizo yote ninayoizungumzia hapa ilikuwa imefungwa.

Astounding: mmoja, lakini gawa mara mbili

Mfululizo mrefu kuliko yote ni huu. Toleo la Uingereza lilitoka Agosti 1939 hadi Agosti 1963, yaani miaka 24, yote chini ya Atlas. Mwezi huohuo wa Agosti 1939 ndipo toleo la Marekani, likihaririwa na John W. Campbell, lilipotoa hadithi ya kwanza kabisa ya mwandishi Robert Heinlein. Kwa hiyo wanaokusanya toleo la Uingereza wamo ndani ya zama zilezile ambazo wakusanyaji wa Marekani wanazigombania kwa bei kubwa. Swali ni kiasi gani cha zama hizo kiko ndani ya kurasa zao.

Kwa miaka 14 ya mwanzo, jibu ni: sehemu tu. Toleo la Uingereza lilianza na kurasa 96. Machi 1940 zikashuka hadi 80. Desemba mwaka huohuo zikawa 64, wakati jarida la Marekani lilikuwa na kurasa 160. Karatasi ilikuwa ya mgao, basi. Bana herufi upendavyo, kurasa 64 haziwezi kubeba kilichojaza 160. Kilichookolewa zaidi ni hadithi fupi na zile za wastani. Zilizoumia mara nyingi ni riwaya za mfululizo, kwa sababu jarida ambalo halitoki tena kila mwezi, na lenyewe ni jembamba, haliwezi kumshika msomaji kwa riwaya ya sehemu tatu au nne. Anayetaka kusoma riwaya hizo jinsi zilivyotoka mwezi kwa mwezi hana njia ya mkato, anunue za Marekani.

Umbo nalo lina hadithi yake, na hapa ndipo rafu ya mkusanyaji inapovurugika. Hadi mwisho wa 1941 matoleo yote mawili yalikuwa na ukubwa wa kawaida wa palpu (majarida ya bei nafuu ya karatasi duni), takriban sentimita 18 kwa 25. Januari 1942 la Marekani likapanuka na kuwa kubwa, sentimita 22 kwa 28 hivi, hadi Aprili 1943. Likarudi palpu kwa miezi michache. Halafu Novemba 1943 likasinyaa na kuwa daijesti, kijarida cha sentimita 14 kwa 19 kinachokaa vizuri mkononi. La Uingereza halikufuata hata hatua moja. Liliendelea na umbo la palpu hadi Oktoba 1953. Maana yake kwa miaka kumi nzima la Marekani lilikuwa fupi na nene, na la Uingereza refu na jembamba lenye unene wa daftari la shule la kurasa 64. Usinunue kabati kabla hujaamua unakusanya lipi.

Kisha Novemba 1953 mambo yanageuka. Toleo la Uingereza nalo likawa daijesti, na kuanzia hapo kwa kawaida lilibeba yaliyomo yote ya toleo la Marekani. Tofauti iliyobaki ni mwezi: la Uingereza lilichelewa miezi kadhaa, kwa hiyo tarehe ya jaladani siyo tarehe ya kuzaliwa kwa hadithi. Kama lengo lako ni kusoma, sioni sababu ya kulipia zaidi nakala za Marekani za 1954 hadi 1963, hasa ukiwa London au Leicester, au ukiwa na ndugu huko wa kukubebea. Mwaka 1960 jarida lilibadili jina na kuwa Analog, na la Uingereza likabadilika pia. Machi 1963 la Marekani likapanuka tena kuwa kubwa. Miezi mitano baadaye la Uingereza likafunga.

Ushauri wangu kwa Astounding basi ni wa kukata vipande. Kabla ya Novemba 1953, toleo la Uingereza linunuliwe kama kumbukumbu ya vita na ukata, na wala usitegemee kulisoma kama jarida kamili. Baada ya hapo, linunuliwe kwa kusoma. Anayeuza "seti ya Astounding za Uingereza" bila kusema ni za upande gani wa mstari huo anauza vitu viwili kwa jina moja, na bei yake uipime hivyo.

Unknown: mdogo aliyeishi muda mrefu kuliko kaka yake

Ukiniuliza ni mfululizo gani wa Uingereza ningeanza nao kama ningekuwa sina hata nakala moja, ningesema Unknown bila kusita. Hili lilikuwa jarida dada la Astounding, chini ya mhariri yuleyule Campbell na wachapishaji walewale Street & Smith, ila badala ya roketi lilijaa majini, laana, miungu iliyosahaulika na watu wa kawaida walioangukia katika mambo hayo mchana kweupe. Liliandikwa kwa ucheshi na mantiki kali, na ndiyo maana bado linasomeka.

La Marekani lilianza Machi 1939 na likafa Oktoba 1943, likiwa na matoleo 39. Kilichoua ni karatasi: kulipotokea uhaba, Street & Smith wakachagua kuibakiza Astounding. La Uingereza lilianza Septemba 1939, Atlas tena, likatoka kila mwezi hadi mwisho wa 1940, halafu likawa linatoka kwa kubahatisha. Lakini halikufa. Lilijikokota hadi toleo la majira ya baridi ya 1949, likafikisha matoleo 41, mawili zaidi ya asili yake. Kwa miaka sita jarida lilikuwa linaendelea kutoka London wakati New York lilikwisha kuzikwa.

Iliwezekanaje? Kwa sababu matoleo ya Uingereza yalikuwa membamba na yalikuwa yamekatwa, kulikuwa na akiba ya hadithi za Marekani ambazo hazikuwa zimepata nafasi. Upungufu wa mwaka 1941 ukawa ghala la mwaka 1947. Hapo mkusanyaji wa Marekani na wa Uingereza hawashindani tena. Nakala ya Uingereza ya 1948 haina mwenzake wa Marekani wa mwaka huo wa kuilinganisha nayo.

Upande wa sura, usitarajie picha za kuvutia jaladani. Hilo halikusababishwa na Waingereza. Toleo la Marekani lenyewe liliacha michoro ya jaladani kuanzia Julai 1940 na kuweka orodha ya yaliyomo, likitaka kuonekana la heshima zaidi kwenye vibanda vya magazeti. Wapo wanaoliona jalada hilo limepooza. Mimi nalipenda, na lina faida moja ya kazi: unajua ndani mna nini bila kulifungua jarida dhaifu la zaidi ya miaka 80.

Nani achague la Marekani hapa? Anayewinda riwaya kamili za Unknown, maana jarida hilo lilikuwa na desturi ya kutoa riwaya nzima katika toleo moja, na umbo jembamba la Uingereza haliwezi kuwa rafiki wa desturi hiyo. Na anayetaka michoro ya ndani ya mchoraji Edd Cartier ikiwa imechapwa vizuri. Wengine wote, matoleo 41 ya Uingereza ni lengo linalofikika.

Baada ya vita: Pemberton, Strato na wenzao

Nitapita haraka hapa, kwa sababu majina ni mengi na tofauti zake hazina uzito uleule.

Pemberton wa Manchester walitoa matoleo 18 ya Startling Stories kati ya 1949 na 1954, na 12 ya Planet Stories kati ya 1950 na 1954. Planet Stories ya Marekani ina matoleo 71. Kwa hiyo yule anayependa tu majalada yake ya wasichana waliovaa shaba na majitu yenye macho ya kijani, na hana haja ya jarida zima, 12 zinamtosha. Planet Stories haikuwahi kujifanya kuwa na hadhi, ilikuwa burudani ya vita vya angani, na kupungukiwa na hadithi mbili tatu hakumwondolei mtu usingizi. Katika majarida haya yote ndilo ambalo toleo lake la Uingereza limepoteza kidogo kuliko mengine kwa kukatwa.

Galaxy ni kesi nyingine kabisa. Lilianza Marekani Oktoba 1950 chini ya H. L. Gold, na miaka yake miwili ya kwanza ndiyo iliyolijengea jina. Toleo la Uingereza, lililotoka kwa jina la Strato, tawi la Thorpe & Porter wa Leicester, lilianza Januari 1953 likiwa na yaliyomo ya toleo la Marekani la Oktoba 1952. Miaka ile miwili ya dhahabu ilikuwa imeshapita. Juu ya hapo, nakala ya kwanza ya Strato iliitwa juzuu ya 3, namba 1. Mnunuzi asiyejua huhangaika kutafuta juzuu ya 1 na ya 2 za Uingereza, kumbe hazikuwahi kuchapishwa. Muuzaji mwenye ujanja hatakusahihisha. Ukitaka Galaxy, chukua za Marekani kwa 1950 hadi 1952, halafu amua mwenyewe kama unataka kuendelea na Strato. Matoleo ya Strato yanatambulika kwa namba kuliko kwa tarehe, jambo linalorahisisha kujua unachokikosa na kutatiza kujua kilitoka lini.

Gerald Swan si wa baada ya vita, lakini ni wa kutajwa kwa ajili ya wapenda vioja. Huyu alikuwa mchapishaji wa London aliyeweka akiba ya karatasi mapema, kwa hiyo wakati wenzake wanalia yeye alikuwa anachapa. Mwaka 1942 alitoa vijarida vilivyochota hadithi za Marekani, kimojawapo kikiitwa Yankee Science Fiction. Huwezi kuvilinganisha na toleo lolote la Marekani, havifuati mpangilio wake, na karatasi yake inasikitisha. Lakini ni vichache, na mwenye subira anaweza kuvikusanya vyote.

F&SF na Venture

The Magazine of Fantasy and Science Fiction, ambalo kila mtu huliita F&SF, lilipata maisha mawili Uingereza. Kwanza Mellifont Press, matoleo 12, Oktoba 1953 hadi Septemba 1954. Halafu kimya cha miaka mitano. Kisha Atlas, matoleo 55, Desemba 1959 hadi Juni 1964. Jarida lenyewe kwa asili ni daijesti, liliandikwa kwa ajili ya wasomaji waliopenda fasihi, na hadithi zake nyingi ni fupi, kwa hiyo halikuumia kwa mkasi kama Astounding ya vita. Za Mellifont nazipendekeza kwa anayeanza. Kumi na mbili, mwaka mmoja, umemaliza.

Lakini linalonivutia zaidi ni Venture. Marekani jarida hili lilikuwa dada mdogo wa F&SF. Lilitoka mara 10 tu, Januari 1957 hadi Julai 1958, likafungwa (lilifufuliwa baadaye kwa muda mfupi, 1969 na 1970). Atlas walilichukua jina hilo Septemba 1963, miaka mitano baada ya kufungwa kule, wakalitoa kila mwezi hadi Desemba 1965. Matoleo 28. Hadithi za Venture peke yake zisingetosha, kwa hiyo walichanganya na za F&SF. Ni mchezo uleule wa Unknown: jarida la Uingereza linaendelea kuishi kwa akiba ya marehemu. Tofauti ni kwamba Venture za Uingereza zilichapwa miaka ya 1960, karatasi haina mgao, na nakala safi bado zinapatikana.

Kwa hiyo wawili wakinijia, mmoja ana fedha kidogo na mwingine ana fedha nyingi, huyu wa kwanza nitamwelekeza kwenye Venture 28 na Mellifont 12. Wa pili nitamwambia aache kabisa Uingereza, anunue Astounding za Marekani za 1939 hadi 1943, kwa sababu hakuna toleo la kukatwa linaloweza kuchukua nafasi yake. Unknown ni ya aliye katikati.

Jinsi ya kujua umeshika lipi

Anza na bei iliyo jaladani. La Marekani lina senti: 20 kwa Astounding ya 1941, 25 kuanzia 1942. La Uingereza lina 9d, au 1/-, au 1/6. Msomaji wa Afrika Mashariki awe mwangalifu hapa. Sisi tumezoea shilingi yenye senti 100, na mstari ule wa 1/- tunaujua tangu dukani, kwa hiyo 1/6 tunaweza kuisoma kama shilingi moja na senti sita. Shilingi ya Waingereza ilikuwa na peni 12, na d ndiyo alama ya peni. Basi 1/6 ni shilingi moja na nusu kamili. Mpangilio huo ulidumu hadi Februari 1971, kwa hiyo jarida lolote la Uingereza la zama hizi litakuwa na bei ya namna hiyo.

Angalia mgongo. Chukua Astounding ya Marekani ya 1945 na uisimamishe mezani: ina mgongo bapa, nene, uliogundishwa kwa gundi, wenye nafasi ya kuandika jina la jarida na mwezi. Ya Uingereza ya mwaka huohuo haisimami. Imekunjwa katikati na kupigwa pini kwenye mkunjo. Pini hizo ni chuma cha wakati wa vita, na baada ya miaka 80 zimeota kutu. Fungua katikati, pale pini zinapotokea: utaona duara la kahawia kuzunguka kila pini, na karatasi ya hapo ukiigusa kwa kucha inaachia. Ndiyo sehemu inayoharibika kwanza, na ndiyo sehemu ambayo wauzaji hawaipigi picha. Jalada likiwa limeachana na pini zote mbili, bei ishuke sana. Likiwa limeshikwa na moja, ni kawaida kwa nakala za miaka hiyo.

Kuna aina ya tatu inayochanganya watu: nakala ya Marekani halisi iliyoingizwa Uingereza na kugongwa muhuri wa bei ya shilingi juu ya ile ya senti. Muhuri huo hauifanyi kuwa toleo la Uingereza. Ndani ni jarida kamili la Marekani, kila ukurasa. Wapo wakusanyaji wanaoikataa kwa sababu jalada limechafuliwa, na kwa ajili yao bei hushuka. Nakala ya namna hiyo ndiyo nafuu kubwa kuliko zote kwa anayetaka kusoma toleo la Marekani akiwa Uingereza. Mihuri ya vibanda vya kubadilishana vitabu nayo usiiogope. Ilikuwa desturi ya masoko ya Uingereza, unarudisha jarida ulilosoma na kupewa sehemu ya bei yako, na nakala nyingi zilizopita huko zina alama hiyo. Mimi huiona kama sehemu ya maisha ya jarida, mradi haijafunika picha.

Mwisho wa utambuzi ni jina la mchapishaji, ambalo kwa kawaida limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa yaliyomo au kwenye ukurasa wa mwisho. Atlas, Strato, Thorpe & Porter, Pemberton, Mellifont: ukiona mojawapo, mjadala umekwisha. Matangazo ya biashara pia huonyesha asili. Yenye anwani za New York na Chicago na kuponi za kozi za kwa posta ni ya Marekani.

Karatasi na hali ya hewa

Karatasi ya palpu ni ya massa ya mti ambayo haikusafishwa, ina asidi ndani yake, na inajichoma yenyewe polepole. Hilo linahusu pande zote mbili za Atlantiki. Lakini nakala za Uingereza za 1940 hadi 1946 zina tatizo la ziada: kulikuwa na kampeni za kukusanya karatasi chakavu kwa ajili ya vita, na jarida lililokwisha kusomwa lilikuwa mtaji mzuri wa kampeni hizo. Zilizobaki ni zile zilizofichwa na mtu aliyezipenda, au zilizosahaulika darini. Kwa hiyo kwa Astounding na Unknown za miaka hiyo, ukipata nakala nzima yenye kurasa zote, usisubiri nyingine nzuri zaidi kwa muda mrefu sana.

Kama unakaa Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam, ongeza unyevu na wadudu wa karatasi kwenye hesabu yako. Joto na unyevu huharakisha kazi ya asidi, na kutu ya pini hula kwa kasi zaidi. Weka kila nakala kwenye mfuko wa polyesta wenye kadibodi isiyo na asidi nyuma yake, uilaze badala ya kuisimamisha, na usiiweke kwenye sanduku la chuma lililofungwa kabisa ambalo hutoa jasho usiku. Nairobi na Arusha ni rahisi zaidi. Nakala yenye mgongo wa gundi, yaani ya Marekani au daijesti ya baada ya 1953, inapasuka gundi inapokauka. Ya pini inaota kutu. Kwa pwani mimi ningechagua kupambana na gundi.

Kabla ya kulipa

Soma kwanza bure. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ina picha za kurasa za majarida mengi ya Marekani ya wakati huu, na hapo utajua kama unapenda Planet Stories kweli au umependa tu jalada. Kwa upande wa matoleo ya Uingereza, ISFDB, hifadhidata ya mtandaoni ya hadithi za kisayansi, inaorodhesha yaliyomo katika toleo moja moja na kukuonyesha kila hadithi ilitoka wapi mara ya kwanza. Fungua ukurasa wa toleo la Marekani na wa Uingereza kwa pamoja, utaona mkasi ulipopita.

Kisha mwombe muuzaji picha tatu: jalada la mbele likionyesha bei, ukurasa wa yaliyomo, na kurasa mbili za katikati kabisa zikiwa wazi. Ya kwanza inakuambia nchi, ya pili inakuambia kilichokatwa, ya tatu inakuambia hali ya pini. Muuzaji wa nakala za bei ndogo anaweza kukataa kwa sababu hana muda, na ni haki yake. Wa nakala ya bei kubwa akikataa picha ya tatu, mwachie nakala yake.